Mama Kona Hatandiki Tena

Mama Kona alistaafu hotelini na mgongo mbovu na kiapo kimoja: kitanda cha mtu mwingine hatandiki tena mpaka anaingia kaburini. Jina hilo alipewa na wenzake wa kazini. Kona za shuka alizokunja yeye, hata mgeni alale kama anapigana mieleka, asubuhi unazikuta palepale.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili vya ziada. Kimoja alishampa fundi cherehani, mwanamke mcheshi asiyejua kunong'ona. Waliishi kama ndugu: huyu akipika, yule anaosha vyombo, na wakigombania chumvi mtaa mzima unajua. Binti yake Mama Kona hakupendezwa hata kidogo.

"Mama, huo si upangaji, hizo ni porojo," alisema. "Nimekupatia injinia wa barabara. Atakaa mwaka mzima. Ila anataka huduma: chai asubuhi, usafi, kutandikiwa kitanda."

"Kutandikiwa na nani?"

Binti akaangalia dirishani.

"Akiondoka injinia huyu, mama, mimi sina la kufanya tena. Nyumba hii huiwezi. Utahamia kwangu, tuipangishe yote."

Haya sasa! Nyumba kaijenga chumba kwa chumba kwa jasho la hotelini, leo aambiwe akalale na wajukuu! Mama Kona akameza hasira. "Mlete," alisema.

Injinia akaletwa Jumamosi, akiwa na sanduku la magurudumu na viatu vya matope. Mama Kona akampa pole ya safari, akamwongoza chumbani. Kitandani palikuwa na godoro tupu. Akamwekea shuka mikononi.

"Karibu sana, baba. Humu tunaishi pamoja, hatuna mtumishi. Jumanne ni zamu yako ya kupika. Kama hujui, fundi atakufundisha, mimi sina subira. Na kitanda chako utatandika mwenyewe."

"Mama!" Binti alitamani ardhi immeze. "Samahani sana, injinia, mama anatania."

"Sitanii."

Injinia alisimama na zile shuka kifuani kama mtu aliyebebeshwa kichanga cha watu. Akasema kwa upole kwamba sivyo walivyokubaliana. Na kweli, maskini, hakuwa na kosa.

Binti akamnyang'anya mgeni shuka. Na blauzi yake ya ofisini, na kucha zake za rangi, akainama kitandani, akaanza kutandaza.

Hapo Mama Kona akawaka. Akamdaka mkono.

"Acha! Acha hapohapo! Unadhani mgongo huu niliuvunja kwa ajili ya nini? Nimewatandikia watu wasiojua hata jina langu, ili wewe usije ukainama hivi! Pangisha nyumba, nilaze hata jikoni kwako, lakini shuka hiyo huishiki!"

Binti akaiachia. Machozi yakamlengalenga, na safari hii hakuangalia dirishani, alimwangalia mama yake.

Injinia akaiokota. Akatandika vibaya, jamani, vibaya! Upande huu shuka inaburuta sakafuni, upande ule godoro linachungulia. Mikono ya Mama Kona ikamwasha kuliko upupu. Akaifungia mgongoni.

"Hiyo Jumanne," injinia aliuliza huku akihangaika na kona, "huwa mnakula saa ngapi?"

"Ukishaivisha," alijibu Mama Kona.