Mtani Aliyekula Mboga Zangu

Namshukuru Mola aliyeuumba moyo akaufundisha kupiga bila kuambiwa, na aliyeustahimili wangu uliposahau somo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na ahali zake, na masahaba zake. Baada ya hayo, naeleza kisa ambacho hadi leo nikikikumbuka katikati ya nyiradi hulazimika kunyamaza kwanza, nicheke, kisha niendelee.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipofunguliwa na nguo za mitumba zikajaa Temeke nzima. Mimi nilisomesha madrasa. Moyo wangu ukaanza kurukaruka, mara mbio, mara kimya, na miguu ikavimba. Daktari wa mjini, kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo kabla ya kunipa habari. Alisema moyo umelegea na mapigo hayana mpangilio, hivyo damu inatuama ndani kama maji yaliyosahaulika kwenye karai, na inaweza kuganda. Kipande kikichomoka kikapanda kichwani, ni kiharusi, na mara nyingi huchukua ulimi.

Hapo ndipo nilipoogopa. Binti yangu alikuwa ameposwa, na mimi babake ndiye wa kutamka maneno ya kumwozesha. Nilitaka niyatamke mwenyewe, wazi, bila kusaidiwa.

Daktari akapanga: ninywe dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, nipimwe kila wiki, na damu ikishatulia kwa wiki kadhaa mfululizo, wanilaze usingizi waushtue moyo kwa umeme ili urudi kwenye mwendo wake. Kabla ya hapo haiwezekani, maana moyo ukishtuliwa na damu imeganda ndani, unaweza kukirusha kipande hicho kichwani.

Nilikunywa dawa kwa uaminifu kama ninavyoswali. Damu ikakataa. Kila nikipimwa, nzito. Daktari akaniuliza ninakula nini, nami nikamweleza kwa fahari. Mtaa ulikuwa umesikia kwamba nina ugonjwa wa damu, na kwetu kila mtu anajua mboga za majani huongeza damu. Basi kila adhuhuri zilikuja sahani zimefunikwa kawa: matembele, kisamvu cha nazi, mchicha, majani ya maboga. Mke wangu naye hakukubali kushindwa jikoni kwake. Daktari, kijana wa watu, alishika kichwa. Akasema majani yale yanapigana na dawa yake. Nisiyaache kabisa, ila nile kidogo, na kiasi kilekile kila siku.

Sasa sahani ya jirani unairudishaje? Mke wangu alisema ni afadhali ahame Temeke kuliko kumwambia mwenzake kisamvu chako hakitakiwi. Mimi pia sikuthubutu.

Aliyetuokoa ni mtani wangu. Mimi ni Mzaramo na yeye Mnyamwezi, na mtani hana neno linalochukiwa. Alikuwa fundi cherehani, akipunguza suruali za mitumba barazani kwangu. Nilipomweleza, alisogeza cherehani yake hadi mlangoni kabisa. Kuanzia siku ile hakuna sahani iliyompita. Alifunua kawa, akanusa, akawatangazia wanawake kuwa Mzaramo huyu ni wa kufa tu, chakula kizuri hiki kinapotea bure, akala. Wakamtukana hadi wakachoka, wakacheka, na kesho yake wakaleta tena.

Bibi mmoja wa nyumba ya pili alimwambia, “Mla vya wagonjwa wewe, majani yatakuota tumboni.”

“Yaote, bibi,” akajibu, mdomo umejaa. “Nitafugia mbuzi humuhumu.”

Mke wangu alikimbilia uani asionekane akicheka. Na mtani hakuniacha hata mimi. Alisikia dukani kwamba dawa yangu ni ya jamii ileile ya sumu ya kuulia panya, akaja kunihurumia kwa sauti ya msibani: “Mtani, wenzako wanapewa dawa. Wewe daktari kakuangalia mara moja tu, akakujua.”

Damu ikalainika, alhamdulillahi, ikabaki hivyo wiki hadi wiki. Siku ya kushtuliwa moyo ilikuwa ya mgao wa umeme, na mtani aliwauliza wauguzi kwa upole kama watatumia mkaa. Walikuwa na jenereta. Nikalazwa huku nikisoma Fatiha, nikaamka naiendeleza, na ulimi haujapoteza herufi. Daktari akaweka kidole kwenye kifundo cha mkono wangu, akatabasamu. Moyo ulikuwa unakwenda kwa mpango, ingawa alinionya bado ni dhaifu na dawa nisiiache.

Siku ya ndoa nilimshika mkono mkwe wangu, nikatamka, “Nimekuozesha binti yangu,” na maneno yakatoka yote, mazima, hata watu wa nje ya mkeka wakaitikia. Mtani alikuwa nyuma kabisa, amenenepa, kanzu aliyojishonea mwenyewe imembana kifuani, analia bila kuficha. Nilipomwita mbele aje aombewe dua pamoja nasi, alikuja akifuta macho, akanong’ona kwamba biriani hii haninyang’anyi, leo nile mwenyewe.

Nawe unayesoma, Mola akutulizie moyo wako kifuani, akuachie ulimi wako hadi utamke la mwisho lililo jema, na akujaalie jirani wa kukuletea sahani na mtani wa kukulia. Amina.