Fundi Rangi Anayelinda Mistari Yake

Kabla kengele ya shule haijalia, fundi rangi mmoja anafagia barabara. Anaondoa mchanga kwenye mistari myeupe ya kivuko, anakung'uta ufagio pembeni, kisha anachukua kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mpini wa brashi kuukuu. Watoto wanajikusanya nyuma yake. Anaingia katikati ya barabara, ananyoosha mkono, na lori linasimama.

Dereva anamuuliza kama siku hizi mabinti wanaajiriwa kusimamisha malori. "Bado," anamjibu. "Nikiajiriwa, wewe utakuwa wa kwanza kukamatwa." Wanacheka wote wawili, na watoto wanavuka.

Mtaani wanamwita Brashi. Ana miaka ishirini na minne, anapaka nyumba za watu kwa kibarua, leo kipo kesho hakipo, na sehemu ya ujira huo huishia kwenye kopo la rangi ya barabara. Mistari hii ni kazi ya mikono yake.

Walianza vijana saba. Walikuwa wamechoka kuona watoto wakikimbizana na magari huku wenye dhamana ya barabara wakiwapiga danadana. Wakachanga, wakachora kivuko Jumapili moja barabara ikiwa imetulia, halafu Brashi akaingia madarasani kuwafundisha wadogo namna ya kukitumia. "Niliwaambia, mguu ukiwa kwenye mstari mweupe, usiogope," anasema.

Hapo ndipo walipokosea. Watoto walifundishwa, madereva hawakufundishwa.

Msichana wa darasa la kwanza, binti wa fundi cherehani wa mtaa huohuo, alifika kwenye mistari akaanza kuvuka taratibu, kama alivyoelekezwa. Walioona wanasema hakutazama hata pembeni. Gari halikusimama.

Wenzake walimtuliza Brashi kwamba kosa ni la dereva. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyewaambia watoto wasiogope ni yeye. Kikundi kikayeyuka, huyu kwa kazi, yule kwa ndoa, wengine kwa kukata tamaa tu. Wiki chache baada ya maziko, Brashi alibeba brashi ya waya, akapiga magoti barabarani aifute mistari yote.

Fundi cherehani alimkuta palepale. Brashi alitegemea matusi, na anasema angeyapokea. Mama yule alikaa kando ya barabara akalia mpaka akanyamaza mwenyewe, ndipo akasema.

"Aliniambia nyumbani, 'Mama, pale gari haliwezi kunigonga, dada amepaka.' Usiifute, mwanangu. Ila usiwaache tena watoto peke yao na rangi."

Tangu siku hiyo Brashi hajakosa, iwe mvua iwe jua, na kibarua kinachoanza asubuhi anakikataa. Watu humuuliza moyo huo anautoa wapi, na swali hilo humkera. "Sina moyo wowote," anasema. "Kuna asubuhi naamka sitaki hata kuiona hii barabara. Nakuja hivyohivyo, sitaki."

Ng'ambo ya kivuko amesimama mwanamke mwenye sindano zilizochomekwa kwenye kola ya gauni, naye ameshika kitambaa chekundu. Vitambaa vyote viwili, hicho na cha Brashi, alivishona yeye. Hawaongei sana wakiwa kazini, na mtoto wa mwisho akishavuka, mama yule huyafuata magari kwa macho kitambo kabla ya kurudi kwenye cherehani yake.

Sasa Brashi anapigania matuta. Amezipanda ngazi za ofisi za barabara hadi mlinzi wa mlangoni amemzoea kama ndugu, na kila mara anateremka na ahadi. Hataki kuacha, kwa sababu moja anayoisema akikunja kitambaa chake.

"Hiki kinamsimamisha anayetaka kusimama. Tuta halimuulizi mtu. Mdogo wa marehemu anaanza shule mwakani. Nataka hata siku nikiumwa, avuke."