Malkia Mwenye Sura ya Mama

Juzi, sokoni Korogwe, nilimwona kijana akifanya mazingaombwe kwa karata alizochora mwenyewe, nikamkumbuka baba.

Baba naye alikuwa mtu wa mazingaombwe, akizunguka kwa baiskeli kwenye minada na shule za Handeni. Karata zake alizikata kwenye maboksi, akazichora kwa rangi iliyonuka mafuta ya taa. Karata ya malkia aliipa sura ya mama. Watu wazima walikuwa wameniambia kwamba mama ametutoka, nami nilielewa kwamba ametoka tu.

Alasiri moja, nyumbani Kwamsisi, tulikuwa wawili peke yetu, njiwa wakilia juu ya bati. Baba alijaribu mchezo mpya mbele yangu. Alimfunika malkia kwa kiganja, malkia akapotea, kisha akamtoa nyuma ya sikio langu.

"Sasa mrudishe na mama mwenyewe," nilimwambia.

Mkono wake ulibaki hewani. "Ngoja kidogo, mwanangu," alisema, akatoka kwenda uani.

Leo najua alikwenda kulia. Siku ile nilidhani amekwenda kumchukua. Nilinawa uso, nikatandika mkeka pale alipopenda kukaa mama, nikaanza kumsubiri.