Zamu Yangu ya Kuusikiliza Mto

Juzi nilikwenda Bariadi, nikasimama darajani kuutazama Mto Simiyu. Chini kulikuwa na lori linapakiwa mchanga, vijana wamevua mashati, redio inapiga kelele. Hakuna hata mmoja aliyetazama upande mto unakotoka. Mimi niliutazama, rafiki yangu, maana sisi tulilelewa na hofu ya maji ya ghafla.

Ule mto ni mjanja. Kiangazi chote ni mchanga mtupu, nasi tulichimba humo visima vifupi vya maji yetu na ya ng'ombe. Kisha mvua za kwanza zinanyesha mbali huko mashariki, porini, kwetu jua bado linawaka, na ghafla maji yanashuka na magogo yake. Kwa hiyo kila familia iliweka msikilizaji ukingoni, mtoto mwenye masikio mazuri. Hata michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ulikatazwa kutafuna, eti kutafuna kunaziba masikio. Ukisikia mvumo, unapiga yowe.

Siku ile zamu ilikuwa yangu. Bibi yangu alikuwa mchangani, anachota maji kwa kibuyu na kuwanywesha maksai wake wawili, wangali na nira shingoni. Shamba la pamba lilikuwa bado kulimwa, na hatukuwa na wanyama wengine wa kulima.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa nchini. Nguo zilizokuwa adimu madukani sasa zilitufuata kijijini kwa marobota ya mitumba. Nikasikia vigelegele njia panda: mchuuzi anafungua robota! Nikajiambia nitachungulia mara moja tu. Nikakuta sweta jekundu lenye zipu, nikalivaa katikati ya jua kali, najigeuza mbele na nyuma, mjinga mimi. Nikiwa nalo mwilini mto ukavuma, na kila mtu akausikia.

Bibi alipanda ukingo kwa magoti, khanga yake imechukuliwa na maji. Maksai walikwenda pamoja, nira ile ile.

Jioni babu aliuliza kwa ukali msikilizaji alikuwa wapi. Katika msongamano ule wa mitumba hakuna aliyekuwa amenitambua. Bibi hakunitazama.

"Mtoto alipiga yowe," alisema. "Mimi ndiye sikusikia."

Mwaka ule tulilima kwa jembe la mkono, na bibi akawa kiziwi wa kijiji. Mwanamke yule aliyewahi kusikia kifaranga kikigonga ganda ndani ya yai! Jirani yetu, mama mcheshi, kila asubuhi alimpigia kelele sikioni, "Mwangaluka, Mayu!" yaani umeamkaje, mama, kwa Kisukuma chetu, na bibi aliitikia kwa upole. Wakamkataza kushuka mtoni, yeye aliyetufundisha sote kusikiliza. Nilimwona akikaa mlangoni wenzake wakienda na ndoo, na bado sikusema. Niliona aibu, kisha nikazoea.

Siku hizi maji yapo bombani, na hakuna mtoto anayekalishwa ukingoni. Bibi naye tumemzika. Kwenye matanga jirani yule, sasa mzee, aliwasimulia vijana kisa cha Mayu aliyepigiwa yowe asisikie, akaigiza alivyotoka mtoni na tope hadi kichwani. Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kupunguza majonzi.

Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto watatu. Ningeweza kusimama niseme. Nilicheka nao.