Sweta ya Themosi

"Siku yangu ya viazi uko nayo tangu ujifungue, hujarudisha, na leo unakuja na kalamu kuniuliza naumwa wapi?"

Wanjugu aliyasema hayo akiwa mlangoni mwa jikoni yake, mikono kiunoni, mlango umejaa yeye, ili mgeni asipate hata pa kupitisha mguu. Na mgeni mwenyewe hakuwa mgeni. Alikuwa Shiko, mke wa shemeji yake, jirani wa ua tu, huko Keringet ambako nguo ukizianika asubuhi unazianua jioni na bado zina maji.

"Nitarudisha, Mama Jerry," Shiko akasema. "Lakini kwanza niambie. Ukiokota viazi, ni nini inakuumiza zaidi?"

Kisa cha siku hiyo kilijulikana na kila mtu. Wanawake wa kikundi chao huchimbiana viazi kwa zamu, leo shamba lako, kesho langu. Shiko alipopata mtoto wa pili, Wanjugu alikwenda akamchimbia kutoka asubuhi mpaka jua likaingia. Zamu ya Wanjugu ilipofika, mtoto akawa na kifua, halafu mvua, halafu hivi na vile, na siku ikabaki huko huko kwa Shiko kama sufuria iliyoazimwa.

Lakini tusidanganyane. Si siku hiyo iliyokuwa ikimchoma Wanjugu. Kilichomchoma kilitokea kwenye ukumbi wa kanisa.

Alikuja mwalimu kutoka Nakuru, msichana anaitwa Valarie, na viatu vyeupe ambavyo matope ya Keringet yaliviweka adabu kabla ya chai ya saa nne. Alikuja kufunza akina mama kubuni vitu vya kuuza. Mwenyewe aliyaita mafunzo yake dizaini thinking. Akina mama waliyaita masomo ya karatasi za rangi, kwa sababu kila neno lililosemwa liliandikwa kwa kikaratasi na kubandikwa ukutani, mpaka ukuta wa kanisa ukafanana na kuku wa madoadoa. Mafunzo yenyewe hayakuwa magumu. Usianze na kitu, alisema Valarie, anza na mtu. Kaa naye, msikilize, mtazame akifanya kazi. Mkubaliane shida yake ni ipi. Waza njia nyingi, hata za kijinga. Halafu tengeneza haraka haraka kwa vitu vya bure, umpelekee yule yule ajaribu, na akikataa, anza tena.

Wanjugu hakungoja kuambiwa aanze na nani. Yeye alikuja na kitu chake kimekwisha. Alikuwa amefuma sweta ya themosi. Nyekundu na kijani, kifungo shingoni, na mahali pa mkono wa themosi pamefumwa kwa ustadi hata macho yakapenda. Akaisimamisha mezani mbele ya watu wote.

Valarie akaigeuza, akausifu ufumaji wake, kisha akauliza kwa upole, "Sasa mathe, ni nani alikuambia themosi yake inasikia baridi?"

Ukumbi ukacheka. Hata mama mchungaji, ambaye hucheka kwa ratiba, alicheka. Mtu mmoja tu hakucheka, na huyo ndiye Wanjugu hakumsamehe. Shiko alimtazama kwa huruma. Heri angecheka na wengine.

Mwisho wa mafunzo Valarie akasema mtu mmoja ataenda naye Nakuru kwenye maonyesho, na kitu chake kikipendwa atapewa nafasi kwenye karakana yenye mashine za kushona, awe akitengeneza na kuuza huko huko. Akamchagua Shiko, aliyesema atawabunia waokota viazi kitu cha kuwapunguzia maumivu. Wanjugu, kwa sababu ya ufumaji, akawekwa wa pili. Kama Shiko hatakuwa na kitu kilichojaribiwa na kukubaliwa kufikia Ijumaa ile ya kuondoka, basi Wanjugu ataenda.

Wa pili. Nyuma ya Shiko ambaye aliolewa katika boma hili akamkuta yeye amekwisha kuzaa watoto wake wote. Shiko ambaye mume wake alimnunulia cherehani, na jioni ikilia ng'ambo ya ua Wanjugu aliisikia kama mtu anayesaga meno kwa ajili yake. Shiko ambaye dirisha la jikoni yake lina kioo. Kang'ethe, mume wa Wanjugu, alithubutu kusema mezani kwamba Mama Lynn, yaani huyo huyo Shiko, ana kichwa, na usiku huo akapakuliwa ukoko.

Sasa huyo huyo amekuja kumwuliza anaumwa wapi. Eti kwa sababu hakuna aliyeokota viazi miaka mingi kama yeye. Wanjugu akamtazama, akaitazama kalamu, na jambo likamjia.

"Magoti," akasema. "Magoti yananimaliza." Akachechemea kidogo kurudi jikoni, ili jambo lisikae hewani.

Shiko akaandika, akashukuru, akaenda. Chai ya siku hiyo Wanjugu aliiona tamu kuliko siku zote.

Kitu alichosahau ni kwamba uongo huo ungerudishwa kwake aujaribu. Haikupita muda, Shiko akaja na vitambaa vya gunia vilivyojazwa sponji ya godoro, vya kufunga magotini. Sasa huku hakuna mtu huokota viazi akipiga magoti. Tunainama. Lakini Wanjugu alikwisha kusema magoti, basi ilimbidi apige magoti kwenye udongo mbichi, mama mzima, kama mtu aliyeshikwa akiiba mahindi. Sponji ikanywa maji kama ndama. Alipoinuka, kila goti lilikuwa na uzito wa mtoto.

"Si magoti hasa," akasema akijipangusa matope. "Nafikiri ni shingo."

Shiko akaandika shingo. Akarudi na ukanda mpana wa kupitisha kichwani ili mzigo ukae mgongoni, na Wanjugu akatembea nao shambani kama mbuzi anayevutwa sokoni. Ukakataa pia. Wala Shiko hakuonekana kuvunjika moyo. Alisema kitu kikikataa mapema ni afadhali kuliko kikatae kimekwisha. Hilo ndilo lililomkasirisha Wanjugu zaidi. Unamfanyia mtu ubaya na hata hakupi raha ya kununa.

Siku zikasonga, na Shiko hana kitu. Wanjugu akatoa rinda lake la harusi za watu, akalipiga pasi. Sweta ya themosi akaifunga vizuri kwa karatasi. Kikundini akadokeza kwamba huenda Jumamosi asionekane, ana safari.

Alhamisi asubuhi Shiko akaja. Safari hii hakuwa na kalamu. Alikuwa na gambuti, jembe na karai.

"Nimeleta siku yako," akasema.

Wanjugu hakutarajia. Akamwelekeza mahali penye udongo mzito kupita kote, akachimba kwa kasi ya kumkomesha. Shiko alifuata nyuma yake. Walichimba, wakaokota, kila karai ikijaa mtu anaiegemeza nyonga na kuipeleka hadi kwenye gunia mwisho wa shamba. Ukungu ukapanda, jua likatoka, na Shiko hakuuliza swali hata moja.

Walipoketi kunywa chai, ndipo aliposema, "Mama Jerry, sweta yako imefumwa kiraka hapa."

Aliashiria ubavu wa kulia, juu kidogo ya nyonga.

"Sweta huisha," Wanjugu akamjibu. "Ama za kwako haziishi?"

"Ile ya bluu iko kwa kamba ina kiraka hapo hapo. Na ile yako ya kanisa. Na leo ndani ya hii umeweka leso imekunjwa. Nimeiona ukiinama."

Wanjugu akajitazama. Ni kweli. Miaka yote sweta zake zilitoboka upande huo, naye alizifumia kiraka na kuendelea. Ukingo wa karai ulikuwa ukimng'ata hapo, kila karai, kila msimu.

"Na macho yako yanatafuta nini kiunoni yangu?"

"Mdomo wako niliuliza mara mbili," Shiko akasema, "ukanipeleka kwa magoti, ukanipeleka kwa shingo." Hakusema kwa hasira. Alivuta sweta yake pembeni, na ngozi ya nyonga ilikuwa imefanya alama nyekundu ndefu. "Hii ni asubuhi moja. Nataka tu uniambie. Ni hapo ama si hapo?"

Kwa Wanjugu neno moja tu lilitosha. Angesema si hapo, Shiko angelala bila shida iliyokubaliwa, bila kitu, na kesho rinda lililopigwa pasi lingepanda gari kwenda Nakuru. Alilishika neno hilo mdomoni kabisa. Kisha akafikiri kwamba Kang'ethe amelala karibu na nyonga hiyo tangu waoane na hajauliza kuna nini. Ikabidi aje huyu, wa cherehani.

"Ni hapo," akasema, kwa ubaya.

Shiko akaruka kama msichana. Akaanza kuwaza kwa sauti: leso ikunjwe zaidi, ama sponji ishonewe ndani ya mshipi.

"Sponji tena?" Wanjugu hakuweza kuvumilia. "Itakunywa maji kama ile ingine. Na leso inateleza. Wewe hujui uzi."

Akaingia nyumbani amekunja uso, akatoka na ile karatasi. Akaichana. Akaikunja sweta ya themosi mara mbili, akaiingiza upande wa kulia, akaifunga juu na leso. Akajaza karai mpaka viazi vikaanguka, akaiegemeza, akaenda hadi kwenye gunia, akarudi. Halafu akajaza nyingine akaenda tena, bila kuambiwa.

"Ni nzito ya kutosha," Shiko akasema taratibu. "Umeifuma aje?"

"Ndani uzi ni mara mbili. Ikilowa bado ina joto." Akapapasa nyuma ya kiuno. "Lakini inataka mshipi wa turubai na bizimu ya kuufungia nyuma. Hiyo sindano yangu haiwezi."

Wote wawili walijua ni mashine ya nani inaweza. Jua lilikuwa limefika utosini, na nusu ya shamba ilikuwa haijaguswa. Shiko akainuka akachukua jembe lake, akarudi mahali alipoachia.

"Unaenda wapi?" Wanjugu akamwuliza.

"Siku yako haijaisha."

"Na utashona saa ngapi? Weka hiyo jembe chini." Akaivua sweta ya themosi, akamtupia. "Hiyo nusu imebaki nimekuachia. Isiwe nikaisikia tena. Lakini huko Nakuru wakiuliza nani amefuma, usiwaambie ati ni mke wa shemeji yangu. Useme Wanjugu."

"Nitasema Wanjugu."

"Kwa sauti."

Shiko akaondoka mbio, akaruka mtaro, na baada ya kitambo cherehani ikaanza kulia ng'ambo ya ua. Wanjugu bado hakuipenda sauti yake. Akaliokota jembe ambalo Shiko ameliacha, akaanza kuchimba nusu iliyobaki. Lilikuwa jepesi kuliko lake, na mpini wake ulikuwa laini, na hilo nalo likamwuma.