Hatukuaga

Nilifanya kazi miaka minne kwenye kituo kidogo kinachofundisha sayansi ya anga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Kazi yangu iliitwa uhusiano na jamii. Maana yake nilikuwa mtu wa kupakia darubini kwenye gari, kwenda vijijini kuwaonyesha watu pete za Zohali, kupiga picha, kisha kurudi kuandika ripoti. Nilijiona mtu wa maana sana, na mdomo nilikuwa nao.

Mwezi wa saba mmoja tulipeleka darubini kijiji kimoja huko Kilolo. Umeme ulikuwa umefika mwaka uliotangulia, na karibu kila nyumba ilikuwa imetundika balbu nje, juu ya mlango. Wenyewe walizionea fahari balbu zao. Kwangu mimi mwenye darubini zilikuwa kero. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kama inavyotakiwa, nikakaribishwa chai na viazi, nikatoa ombi langu: muda wote tutakaokuwa hapa, wananchi wazime taa za nje.

"Mpaka lini, mwalimu?" mwenyekiti akauliza.

"Tukimaliza tutakuja kuaga," nikamjibu.

Hakuuliza tena. Jioni ile giza lilipoingia, kijiji kizima hakikuwasha hata taa moja ya nje. Nilisimama kwenye uwanja wa shule nikashangaa, maana kule mjini hata jirani yangu nikimwomba apunguze redio hunijibu vibaya.

Ila ukungu nao ulishuka. Jioni tatu mfululizo hatukuona hata nyota moja. Wanakijiji walikuja na mashuka wamejifunika, wakasubiri, wakarudi kwao. Siku ya nne asubuhi baridi ilitushinda, tukafunga virago. Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa ng'ambo ya pili ya bonde, na barabara ya kule ilikuwa tope tupu. Nikamwambia dereva twende tu, mzee nitampigia simu.

Sikupiga. Na sina pa kujificha, kwa sababu mimi ni mtoto wa milimani Mbeya. Kwetu mgeni akiondoka bila kuaga, mama yangu humsema wiki nzima. Nilijua kabisa nilichokuwa nafanya, nikakifanya kwa sababu ya tope.

Kwenye ripoti niliandika kwamba kijiji kizima kilijitolea kuzima taa kwa ajili ya sayansi. Ukungu niliutaja kwa maneno mawili, mwishoni. Wakubwa walifurahi, wakaisoma sentensi yangu mbele ya wageni. Mwezi wa nane mwenyekiti alinipigia mara mbili. Niliona jina lake kwenye simu, nikadhani anataka mchango wa darasa, nikaiacha iite mpaka ikakatika.

Nilirudi mwezi wa kumi na moja, safari hii mchana, ili wanafunzi waangalie madoa ya jua kwa kichujio maalumu. Tulipomaliza, mkanda wa begi langu ukakatika. Mwalimu wa zamu akanielekeza kwa fundi cherehani aliye karibu, mama mjane anayeshona sare za shule. Nilimkuta barazani kwake.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Ee, mwalimu wa nyota! Kumbe bado mpo?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Akapokea begi, na hapo nikaona kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto. Kilikuwa kimekakamaa, na kucha haikuwepo. Nikamuuliza kimepatwa na nini.

"Sindano hiyo, baba. Iliingia huku ikatokea huku. Mchana niko shamba, kushona nashona jioni. Ndani amelala mama yangu mgonjwa, cherehani inamsumbua, na hapa nje taa tumezima. Basi nikawa natumia kibatari. Nimekizungushia kopo upande wa shuleni, kisiwaharibie kazi yenu."

"Mmezima mpaka leo?"

"Si hamjaaga? Kuna waliochoka wakawasha, lakini upande wetu huu tulivumilia. Mwenyekiti alikupigia hakukupata, akasema labda mmepanda mlima wa nyuma ya shule, mko kazini, tusiwasumbue."

Miezi minne yule mama alikuwa ameficha mwanga wa kibatari kwa ajili ya watu waliokuwa wamelala majumbani mwao mjini. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepata pa kushika. Yeye alikuwa anachagua uzi unaofanana na begi langu.

"Halafu mliziona?" akaniuliza. "Hizo nyota, mliziona vizuri?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilikitazama kile kidole.

"Tuliziona, mama," nikasema. "Vizuri kabisa."

"Basi haikuwa bure."

Akauliza kama sasa wanaweza kuwasha. Nikamwambia ndiyo, nimekuja kuaga. Alifurahi, akanyanyuka, akaingia ndani kubonyeza swichi, saa nane mchana na jua limewaka. Balbu ikawaka juu ya mlango, imejaa vumbi na utando wa buibui. Akatoka, akaitazama, akasema kumbe bado nzima.

Kwa mwenyekiti nilikwenda siku hiyohiyo, kwa miguu, nikaaga na kuomba radhi kwa kuchelewa. Habari ya ukungu wa jioni zile, na kwamba tuliondoka siku ya nne tu, sikuigusa. Mpaka leo sijaigusa.

Lakini kabla ya hapo yule mama alinishonea mkanda. Alishona polepole, kidole kile amekiinua pembeni kisiguse kitambaa. Nilipotoa hela alikataa. Alisema mimi ni mgeni wao, na tena nimewaaga vizuri.