Siku Niliyowafungia Waumini Nikieleza Ubongo

Mpaka leo nikipita karibu na kanisa letu hapa Bukima nashusha kofia mpaka puani, na nikisikia watu wanacheka nyuma yangu najua wananicheka mimi, na wana haki.

Nilikuwaga likizo, nasoma shahada ya pili, na Jumapili hiyo baada ya ibada mchungaji akasema, "Magesa asimame atueleze huko chuoni anasoma nini." Mama akajinyoosha kwenye benchi kama yeye ndiye kaitwa. Ningesema tu "nasoma ubongo, Mungu awabariki" nikakaa, leo nisingekuwa na la kusimulia, lakini nikataka waelewe kweli.

Nikaanza na chaneli za kalsiamu. Mzee Majura akanyoosha mkono: "Hizo chaneli zinashika bila king'amuzi?" Kanisa likaangua kicheko, nikaona bora niseme milango. Nikawaambia seli ya ubongo ina vimilango kwenye ngozi yake, kalsiamu ikiingia hapo inaiambia seli ikue, iungane na wenzake. Seli ikiwa changa, mingi ya milango hiyo inafunguka kwa msukumo mdogo wa umeme, ikikomaa mara nyingi hiyo inapungua, inaongezeka ile inayodai msukumo mkubwa. Watu wamesogea mbele (hata wale wa nyuma wanaosinziaga), na mimi kichwa kikavimba.

"Tufanye kwa vitendo," nikasema.

Mlango wa pembeni wa bati, ambao hata kuku anaufungua, ukawa wa utotoni. Ule mkubwa wa mbele, mpya, wa mbao, ukawa wa ukubwani. Watoto wa shule ya Jumapili wakawa kalsiamu, mchungaji akakubali kutoka nao nje awasimamie. Mara ya kwanza wakagusa bati, wakaingia mbio, watu wakapiga makofi. Nikawatoa tena.

"Sasa seli imekomaa! Shemasi Masatu, tupunguzie milango ya utotoni."

Masatu ni mtu asiyefanya jambo nusu. Mimi nilimaanisha aurudishie tu, yeye akaokota jiwe na msumari, akaupigilia mpaka kichwa kikazama kwenye fremu. Nami nikaubamiza ule mkubwa, mbao iliyokuwa imevimba kwa mvua ya wiki nzima, halafu nikauvuta kuufungua. Kitasa kikabaki mkononi mwangu.

Dirisha zote zina nondo. Dakika kumi, joto, kitoto kichanga kinalia, Bibi Nyanjura mwenye presha anajipepea kwa kitabu cha nyimbo, anahema. Hapo sikuona tena kichekesho, niliogopa. Nikapiga kelele, "Mchungaji, watoto wakae mbali! Tafuta wanaume, msukume!"

Wakasukuma, mchungaji mbele na wavuvi wawili nyuma yake, na mlango ukaja wote na bawaba zake. Nikaruka kinyumenyume nikakalia ngoma ya kwaya, ngozi ikapasuka, nikazama mpaka kiunoni, miguu juu. Mchungaji akasimama juu ya mlango, tai begani, akaniangalia.

"Magesa, sasa mimi ndiyo kalsiamu?"

"Ndiyo, Mchungaji."

Mama alijifunika kitenge uso mzima.

Bibi Nyanjura alipata hewa, akapona. Kesho yake, nikiwa na fundi tunarudishia bawaba, akaja akakaa kwenye ngazi.

"Mjukuu wangu, ile milango ya utotoni inaisha yote?"

"Hapana Bibi, kuna sehemu za ubongo inabaki hata uzeeni, na inafanya kazi."

"Na nani anaiambia seli kwamba sasa umekua?"

Nikatoa skrubu mdomoni. Nilikuwa najua vipande vipande, jibu zima sina, na nikamwambia hivyo hivyo. Akatikisa kichwa taratibu.

"Jana ungetupa nafasi ya maswali nikauliza hilo, tusingefungiwa."

Basi nimeapa. Nikisimamishwa tena popote, nachora mchangani kwa kijiti, nauliza nani ana swali, na sigusi mlango wa mtu.